Jiko la Resiato na Hita Yako ya Ukutani

Naserian,

Umeenda kusukwa, na vile namjua huyo msusi wako hutarudi kabla ya saa kumi na mbili, kwa hivyo niko na mchana mzima wa kuandika kabla hujaingia kuniuliza ninaandika nini. Unajua mimi si mtu wa kalamu. Shule niliacha kidato cha pili, na barua ya mwisho kuandika ni ile ya kuomba kazi ya gesti, nayo nilisaidiwa. Hii sijasaidiwa. Makosa yake ni yangu. Hasira iliyo ndani pia ni yangu, kwa hivyo usianze kusoma ukitafuta maneno matamu. Nimekukasirikia wewe tangu jana. Shangazi yako nimemkasirikia miaka kumi na minane. Na kuna mtu wa tatu, huyo nitamtaja nikimfikia.

Sitakuandikia mambo ya kula, kuomba na wavulana. Hayo nimesema mpaka ukaanza kuniigiza mbele ya marafiki zako, mkono kiunoni, na mimi nasikia kutoka jikoni. Kesho asubuhi unaenda Nyahururu. Nataka tuongee juu ya hita.

“Mum, na hii ni TV imekosa picha?” Hivyo ndivyo ulisema nilipoitoa kwenye karatoni. Mama Brayo, jirani wetu tangu uzaliwe, akacheka mpaka akashika ukuta. Wewe ulitaka ile ya nyaya nyekundu, kama ya rafiki yako Shiru. “Ile unaona ikiwaka, unajua uko na joto.” Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo siku hiyo, ningesema yote ninayoandika leo.

Wewe unaona mama anapiga deki gesti. Ni kweli napiga deki. Lakini vyumba vinane, miaka sita, ndiyo shule yangu ya hita, na hakuna mtu Kitengela atanifundisha. Bosi alianza na hizo nyekundu zako. Mgeni mmoja alianika suruali mbele yake akaingia kuoga, na mimi ndiye nilikuta blanketi lina tundu la ukubwa wa sahani, pembeni mwa kitanda, bado linafuka. Zikatolewa. Zikaja za feni. Hizo zinanguruma kama posho mili ikisaga mahindi, na vumbi lote unalofagia asubuhi zinalirudisha hewani. Chumba namba tatu kulikuwa na mama alikohoa mpaka akaomba ahamishwe. Mwishowe zikaja hizi bapa za ukutani. Wageni walilalamika siku ya kwanza kwamba zinachelewa kupasha. Baadaye wakaacha kuzitaja. Mimi nilikuwa naingia asubuhi kufuta vumbi juu yake, naweka mgongo wa mkono, inapasha bila kuunguza, chumba hakinuki chochote, na mgeni amesahau kama iko. Nikajiambia, mtoto wangu akipata chuo mahali pa baridi, ataenda na hii.

Sasa usifikiri kuinunua ilikuwa mchezo. Niliingia lile duka la stima nikitoka kazini, na aproni yangu. Kijana wa hapo alikuwa na vitu vya muziki masikioni, hakutoa hata kimoja.

“Mabeseni yako upande ule, mathe.”

“Sijauliza beseni. Nataka hita ya ukutani.”

Akaniangalia kutoka viatu kwenda juu. “Ya bosi?”

“Ya binti yangu.”

“Basi beba hii ya wati elfu mbili na mia tano. Hii inachoma chumba mpaka unafungua dirisha.”

“Nataka kupasha mtoto. Nimekuambia nachoma mbuzi?”

Watu wakacheka, na hapo ndipo alitoa kimoja sikioni. Nikamweleza kile chumba chako, vile tulikipima mimi na wewe kwa miguu tukienda kukiona: hatua nne kwa nne, dari ya chini, soketi moja na waya wake wa zamani. Hiyo kubwa yake ingeunguza plagi siku ya kwanza na mwenye ploti angekufukuza siku ya pili. Nikamwambia nipe ya elfu moja, iwe na kile kidude cha kuzungusha cha kuizima yenyewe joto likitosha, na ikianguka izime.

“Zote zinazima, mathe.”

“Iwashe nione.”

“Hapa si saluni ya kukaa ukipashwa.”

Nikachukua beseni moja kati ya yale aliyonionyesha, nikaligeuza, nikalikalia. Nilikaa. Hita ya kwanza ilipata joto, nikapunguza kidude, ikaendelea tu kuchemka kama haijasikia. Nikamwambia toa hiyo. Ya pili nilipopunguza ilisema ta, ikazima. Nikapandisha, ta, ikawaka. Nikailaza kifudifudi sakafuni, ikanyamaza kabisa.

“Kumbe mathe ni fundi,” akasema.

“Funga hiyo. Na karatoni isiwe imeraruka.”

Hiyo ndiyo TV yako iliyokosa picha. Fundi wa huko ataipachika chini ya dirisha, plagi iingie kwa soketi ya ukutani yenyewe, si kwa ekstensheni, na taulo yako isiwahi kuiguza. Nimemaliza mambo ya maagizo.

Lakini itachelewa kupasha, Naserian. Nakuambia mapema. Utatoka darasani na mvua ya Nyahururu kwenye mabega, utaiwasha, utakaa ukiiangalia, utaona haifanyi kitu. Hapo ndipo utafikiria jiko la makaa. Majirani watakuwa nalo. Utasema ni leo tu. Ndiyo maana jana nilinyamaza, na ndiyo maana leo siwezi.

Lile jiko bado liko hapa getini vile shangazi yako Resiato aliliacha. Sijaliguza. Asubuhi kuku wa Mama Brayo walikuwa wamelikalia.

Nirudie jana, kwa sababu ulijua nusu tu ya kile ulichokuwa ukifanya. Resiato ni dada ya baba yako na hajakanyaga mlango wangu tangu ukiwa na wiki tatu. Amesikia kwa watu unaenda chuo. Amepanda gari kutoka Kajiado na jiko jipya limefungwa kwa gunia, na makaa nusu gunia mgongoni, mwanamke wa umri ule. Alisema, “Entito ai,” binti yangu, akanyoosha mkono wake akuguse kichwa, vile watu wa baba yako husalimia mtoto. Wewe ulifaa kuinamisha kichwa. Uliruka nyuma kama ni nyoka.

“Umekuja kumalizia?” ukamwambia.

Mkono wake ulibaki hapo hewani. Halafu akaushusha, akatua jiko chini polepole, akaniangalia mimi, si wewe.

“Mama Naserian,” akasema, “umemlea vizuri. Meno yote yameota.”

Akaenda. Hata maji hakunywa. Na mimi nilisimama pale kama mlingoti wa stima. Wewe ukanigeukia ukitabasamu, ukitaka nikusifu kwa kunitetea.

Maneno yale hukuyatoa hewani. Mimi ndiye nilikufundisha. Tangu ujue kusikia nimekuambia, “Shangazi yako alikuingizia jiko la makaa nyumbani, karibu ufe.” Nilisema ukiwa mdogo ukilia, nilisema kila ulipokohoa, nilisema kila Resiato alipotuma shanga na mimi nikazirudisha. Kila neno la hiyo hadithi ni kweli. Sasa soma ile sehemu nimekuwa nikiruka.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba yako alikuwa utingo wa malori Namanga, anakuja nyumbani akipata. Alimtuma dadake aje anitunze nikijifungua, kwa sababu mimi kwetu Murang'a nilikuwa nimefukuzwa na tumbo langu. Resiato akaja na kibuyu cha maziwa, blanketi yake, na mdomo. Mungu wangu, ule mdomo. “Huyu mke wa ndugu yangu anashika mtoto kama anashika kabichi.” “Maziwa yako mepesi, labda ni yale maji ya githeri ya kwenu.” Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kile cha kutukana alikuwa nacho chote. Alikuchukua mikononi mwangu ukilia na ukanyamaza kwake. Nilimchukia kwa hilo kuliko matusi. Bado nasikia uchungu nikiandika.

Tulikaa chumba kimoja cha mawe, upande ule ploti zinaangalia uwanda. Ilikuwa Julai. Unajua upepo wa Kitengela wa Julai, unakuja na vumbi na baridi pamoja, na juu ya mlango kulikuwa na yale matundu manne ya hewa. Vumbi lilikuwa likishuka hapo mpaka kwa uso wako. Siku moja ya wiki ya kwanza, Resiato akiwa ameenda kuteka maji, nilikata blanketi langu la zamani vipande vinne, nikapanda kiti, nikaziba. Halafu nikashusha pazia la leso juu yake, nyumba ipendeze. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimefanya kitu cha mama bila kuulizwa na mtu.

Kwao Resiato, moto hukaa ndani ya nyumba, mama aliyejifungua akiwa karibu. Lakini ile nyumba yao ya udongo na samadi ina katundu ukutani, na mlango wake hauna chuma, na wanawake waliijenga wakijua kuna moto. Kwetu Murang'a jikoni ni nje kabisa. Kila mmoja wetu kwake alijua moto. Hapo kwa chumba cha mawe hakuna kati yetu alijua kitu, ila yeye angalau aliuliza.

Naserian, aliuliza. Asubuhi ile ya baridi aliwasha jiko nje, akalipepea mpaka moshi ukaisha, akaliinua, akasimama mlangoni. Akaangalia juu, akaona leso.

“Tundu iko?” akaniuliza.

Nikasema, “Iko.”

Hilo ndilo neno lenyewe. Sikukosa kumwelewa. Nilijua vipande viko huko. Lakini ningesema nimeziba, angeanza, “Huyu mke wa ndugu yangu hata nyumba anaifunga kama gunia,” na Mama Brayo angesikia, na ningepanda tena kiti, na mgongo ulikuwa unauma. Nikasema iko. Nilifikiri baadaye nitatoa.

Yeye akaenda kutafuta maziwa. Mimi nikakulaza kitandani, nikatoka kuanika nepi, nikafunga ule mlango wa chuma upepo usikupate. Kwa kamba ya nguo nikampata Mama Brayo, tukaongea. Niliporudi ulikuwa umelala, mashavu mekundu mazuri. Nikafikiri, leo mtoto amepata joto. Nikakuinua nikunyonyeshe. Kichwa chako kikaanguka nyuma kama cha kuku aliyechinjwa.

Sijui nililia vipi. Mama Brayo aliingia akakunyakua, akakimbia na wewe mpaka katikati ya ploti, akakugeuza uso kwa ule upepo niliokuwa nauziba. Ukatapika. Ukalia. Mimi mpaka leo mtoto wa mtu akilia nasema asante kimoyomoyo.

Akaniambia, “Chukua shali twende kliniki!” Nikaingia kuchukua shali. Sasa huyu ndiye yule mtu wa tatu. Kabla ya shali alipanda kiti. Akachomoa vipande vinne, akavizamisha kwenye ndoo ya nepi chafu, chini kabisa, akashuka, akachukua shali, akatoka akilia. Mtoto wake yuko nje hajui kama atapona, na mkono wake ulikumbuka kuficha.

Kliniki nesi akauliza, “Ni nani aliweka makaa ndani na kumefungwa? Hiyo sumu haina harufu, haina rangi, mtamzika huyu mtoto!” Resiato alikuwa ametukuta huko, mbio, maziwa yamemwagikia nguo yake yote. Alifungua mdomo, Kiswahili kikamkataa. Mimi changu hakikukataa.

“Ni yeye,” nikasema.

Baba yako alikuja siku ya pili. Alimwambia dadake maneno mbele ya ploti nzima ambayo sitakuandikia. Resiato alikuwa ameangalia juu ya mlango. Leso nilikuwa nimeitoa nifue, na matundu yalikuwa wazi yote manne, mwanga unapita. Aliangalia sana. Halafu akaniangalia mimi, na akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, ili nisikie mimi na si ndugu yake:

“Nimelala hapa wiki tatu. Hapo mwanga ulikuwa haupiti.”

Akakunja blanketi yake. Alijua, na hakumwambia mtu. Baba yako alipopata nyumba nyingine na mke mwingine Namanga, sikuwa na mtu wa upande wake wa kumwendea. Nilikuwa nimewafukuza kwa vipande vya blanketi. Wewe umekua bila shangazi, bila nyanya, bila mtu wa kukuguza kichwa. Ukiniuliza kwa nini watu wa baba hawaji, nilisema ni wabaya.

Usifikiri nimebadilika nikampenda. Simpendi. Yale maneno ya kabichi sijasamehe, na kile kimya chake cha miaka kumi na minane nimekibeba shingoni kama mtungi, kila mahali. Afadhali angenitukana. Na jana pia alikosea, nitamwambia: mtu akishaona mtoto akitolewa kwa makaa hamletei makaa. Ila labda alileta kwa sababu ndiyo zawadi anayojua, na safari hii alitaka kuileta na kuweka tundu mwenyewe. Sijui. Nitamuuliza.

Kwa sababu kesho nikishakupandisha gari, sirudi nyumbani. Nimeomba ruhusa gesti. Nitachukua hilo jiko vile liko, na gunia lake, niende nalo Kajiado, nimwambie mbele ya watu wa boma lake maneno ya kweli niliyofaa kumjibu nesi. Akinifungia mlango, nitayasema nikiwa nje. Akinitukana, nitasikia mpaka amalize. Mama Brayo nimeshamwambia leo mchana, wakati unasukwa. Akasema, “Na mimi nilimtemea mate yule mama siku ile.” Akaondoka na hajarudi. Hivyo ndivyo kuachwa na watu kunaanza, najua.

Wewe sikuagizi umpigie. Neno la jana si lako, ni langu, lilitoka tu kwa mdomo wako. Lakini Desemba utafunga chuo, na Kajiado si mbali. Ukiamua kwenda, nenda bila mimi, na ukifika inamisha kichwa. Ukiamua kunikasirikia mimi, nikasirikie vizuri, usinifanyie kimya. Nipigie unipe yote.

Hita nilikuambia nimenunua kwa sababu ya kifua chako. Ni kweli nusu. Nusu ingine ni kwamba nimetafuta miaka yote hii kitu cha kukupasha ambacho hakina moto na hakihitaji mtu yeyote aulizwe kama tundu iko.

Lakini matundu bado yawepo. Utakapofika kesho, kabla ya kufungua karatoni, kabla hata ya kuketi, weka kiti, uangalie juu ya mlango. Hicho chumba kimekaliwa na watu, na Nyahururu ina baridi kuliko hapa, lazima kuna msichana kabla yako alikata kitu akaziba. Chomoa. Kitaingia kijiupepo, hita itachelewa zaidi, utanung'unika. Vaa sweta.

Nasikia sauti yako huko getini, unafukuza kuku kwenye jiko. Unawafukuza kwa upole.

Mama yako